Wawili Kwenye Tuta la Mpunga

Sekela mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda Mwanjelwa kumuaga shangazi, na mimi nimebaki hapa sebuleni na begi lako. Nimeshalifungua mara mbili nikalifunga. Barua hii nitaiweka chini kabisa, chini ya blanketi, uikute ukishafika kambi ya mbio Iringa na kuonyeshwa kitanda chako. Sitaki uisome njiani. Basi lenu kesho litapita njia panda ya kwenda Rujewa, na sitaki upite pale huku umeshika maneno haya mkononi.

Sitakuandikia habari za kufua soksi, wala za wanaume, wala za kanisani. Una miaka ishirini na moja. Hayo nimeyasema mpaka yamekuwa kama redio ya jirani. Nataka nikwambie kwa nini niliacha kukimbia. Ukiniuliza huwa nakujibu, "Nyonga." Nyonga ni kweli. Lakini nyonga ilikuja mwisho.

Nilikuwa na umri kama wako. Tulikuwa wasichana sita chini ya kocha mmoja hapa Mbeya, ambaye sasa ni marehemu, na jina lake siliandiki. Kati yetu, aliyekuwa wangu wa karibu ni Tumpe. Tulisoma naye tangu darasa la tatu. Alikuwa mfupi, mwenye kifua kipana, na akicheka lazima ashike kitu asianguke. Mama yake alikuwa akiuza maharage Uyole, na nyumbani kwao hakuna aliyeondoka bila kula. Nilikuwa naingia pale kama kwetu.

Siku moja kocha alikuja na mizani ya kupimia mahindi. Akatupandisha mmoja mmoja mbele ya wenzetu, akisoma kwa sauti. Alipomaliza akasema, "Kila kilo mnayobeba ni mtu amekaa mgongoni. Mshusheni." Hakusema zaidi ya hapo. Simlaumu peke yake, maana hakuna aliyenishika mkono. Niliporudi nyumbani mimi mwenyewe ndiye niliyeamua.

Asubuhi chai ya rangi bila sukari. Mchana tango, au nusu ya parachichi siku nikijihurumia. Jioni nilikaa na wenzangu kwenye sinia, nikamega ugali, nikauviringisha, nikauviringisha tena, kisha nikautia mfukoni mwa sweta. Kuku wetu walinenepa mwaka ule. Bibi yako, mama yangu, aliwahi kuwasifia.

Jambo la kutisha, Sekela, ni kwamba mwanzoni ilifanya kazi. Nilipaa. Mlima wa Loleza niliokuwa naupanda nikihema, nikaupanda nikiimba. Watu walinisifu njiani. Njaa ilinipiga wiki ya kwanza, ikanibembeleza wiki ya pili, kisha ikanyamaza. Nikadhani nimeishinda. Leo ninajua kwamba mtoto akilia ndani ya nyumba, angalau unajua yu hai. Akinyamaza ghafla ndipo mtu mwenye akili huinuka kwenda kutazama. Mimi sikuinuka.

Siku zangu zikakatika. Mwezi wa kwanza nikaona ni nafuu. Mwezi wa tatu bibi yako akanipeleka zahanati akidhani nina mimba. Muuguzi akanipima, akasema, "Hana kitu huyu." Mama akashukuru Mungu, tukarudi nyumbani. Hakuna aliyeuliza kwamba kama hana mimba, basi ana nini.

Kisha ikaja baridi. Unaijua baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita, lakini ile haikuwa ya hewa, ilikuwa imelala ndani ya mifupa. Nilikaa jikoni karibu na moto mpaka sketi ikaungua pindo, na mikono bado ilikuwa kama ya maiti. Nikaanza kuota malaika mashavuni na mikononi, vile vinyweleo laini vya mtoto mchanga. Bibi yako alinishika shavu siku moja, akavipapasa, akasema kwa sauti ndogo, "Hivi huota kwa mtu anayekuja duniani." Akanitazama. "Wewe unakwenda wapi?"

Nilicheka. Nikaenda mazoezini.

Ilikuwa kwenye barabara ya msitu wa Kawetere, ukungu umeshuka mpaka usawa wa miguu, ndipo nilipomsikia mtu nyuma yangu. Hatua za raba kwenye kokoto. Nilidhani ni Tumpe. Nikapunguza mwendo anifikie, naye akapunguza. Nikaongeza, akaongeza. Nikasimama nikageuka na kusema, "We Tumpe, njoo basi." Palikuwa na ukungu tu, na miti, na barabara tupu. Nilipoanza tena kukimbia, hatua zikaanza tena. Zilikuwa hatua zangu mwenyewe, Sekela. Namna mguu wangu wa kushoto ninavyoukokota kidogo, naye aliukokota hivyohivyo. Ila yeye alichelewa kidogo, kama mtu aliyeanza safari baada yangu na asiyekubali kuachwa.

Haikuwa siku moja. Ilikuwa wiki nzima, kisha mwezi. Nikazoea. Mtu huzoea mambo ya ajabu akiwa na njaa.

Mwishowe nikamwambia Tumpe. Tulikuwa tumekaa kwenye jiwe tukifunga kamba za viatu. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Yeye naye alikuwa amekonda kuliko mimi, macho yamekuwa makubwa usoni.

"Hata mimi ninaye," akasema.

"Anakufuata?"

"Hapana. Wangu yuko mbele."

Nikamuuliza anafananaje. Akafikiri. "Simwoni uso. Namwona mgongo. Anajua njia." Kisha akainuka, akajipangusa sketi, na akasema neno ambalo bado nalisikia: "Natamani siku moja nimfikie."

Hapo ndipo nilipopaswa kwenda kwa mama yake. Uyole si mbali. Ningemwambia, "Mama, mimi na Tumpe hatuli." Maneno matano tu. Lakini kumsema Tumpe kulikuwa kujisema mimi, na mbio za Rujewa zilikuwa zimekaribia.

Ulikuwa mwezi wa pili. Unajua sisi watu wa milimani tukishuka Usangu tunavyoungua. Mpunga ulikuwa bado mchanga, mashamba yamejaa maji, na joto linatoka chini kama mvuke wa sufuria. Mama Tumpe alipanda basi pamoja nasi ili atushangilie. Mbio zilipangwa kuanza saa moja asubuhi. Mgeni rasmi akachelewa. Tulianza saa nne.

Tumpe alikuwa hajala tangu jana yake mchana. Saa zote tatu za kusubiri alikunywa maji, chupa baada ya chupa. "Maji yanadanganya tumbo," akaniambia. Mama yake alikuwa na kifuko cha karanga za chumvi na viazi vya kuchemsha. Akatuletea. Sote wawili tukasema tutakula baadaye. Niliona Tumpe akihangaika na pete yake, vidole vimevimba. Akalalamika kichwa. Kisha akatazama ng'ambo ya mstari wa kuanzia, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akatabasamu.

"Leo amewahi," akasema. "Yule pale, anapasha misuli."

Nilitazama. Sikuona kitu. Nami sikusema kitu.

Tulikwenda vizuri. Zaidi ya nusu ya njia, wengine tuliwaacha nyuma sana. Tumpe alikuwa wa kwanza, kama hatua mia mbele yangu, na mimi wa pili, na wangu nyuma yangu kama kawaida. Barabara ilikuwa ya vumbi, mashamba ya mpunga kulia na kushoto. Mahali fulani palikuwa na tuta jembamba la kugawia maji, linaloingia ndani ya mashamba. Tumpe alipolifikia, akakata kona. Hakupunguza mwendo. Alikata kama mtu anayeelekea kwao. Akanyanyua mkono mmoja mbele, vile unavyomwashiria mtu akusubiri.

Nilifika pale alipokatia. Nilimwona mgongo wake unayumba juu ya lile tuta, maji yanang'aa pande zote. Ningemwita angenisikia.

Nilichosema moyoni ni hiki, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kukiandika: Sasa mimi ni wa kwanza.

Nikaendelea na barabara. Na baada ya hatua chache nikatambua kwamba nyuma yangu pamekuwa kimya. Zile hatua zilikuwa zimekoma palepale kwenye tuta. Tangu siku ile sikuzisikia tena.

Nilishinda. Zawadi ilikuwa gunia la mchele. Walinipiga picha nimeliegemea, mimi ambaye nilikuwa sijagusa wali miezi mitano. Ndiyo ile picha iliyo kwenye albamu, unayosema nimependeza.

Wanawake waliokuwa wakipalilia ndio waliomkuta. Alikuwa ameanguka kwenye tuta, mwili unatetemeka wote kama mwenye degedege. Wanaume wakambeba mpaka barabarani, gari likampeleka hospitali. Daktari alisema damu yake ilikuwa imejaa maji na chumvi imeshuka mno, na mwili haukuwa na akiba yoyote ya kupigania. Alifariki kabla jua halijatua. Mama yake alikuwa amemshika mguu.

Kwenye korido ya hospitali, mmoja wa wale wanawake wa mashambani alimweleza Mama Tumpe alichokiona. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. "Niliwaona wawili," akasema. "Wasichana wawili wanakimbia juu ya tuta, mmoja mbele, mmoja nyuma. Nikadhani mashindano yamehamia shambani. Nilipoinama kung'oa jani na kuinuka, nikamwona mmoja tu, yuko chini."

Mama Tumpe alinigeukia. Akanishika mikono yote miwili. "Asante, mwanangu," akasema. "Ulimkimbilia. Hukumwacha."

Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Mchele ule niliupeleka msibani Uyole. Waombolezaji waliupika wakala, wakasema binti huyu ana moyo. Mimi nilishika sahani yangu mpaka ikapoa.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nashuka ngazi ya kanisa, ngazi moja tu, na nyonga yangu ikapasuka. Kama kijiti kikavu. Daktari aliyenihudumia alikuwa mama wa makamo mwenye haraka, lakini alipotazama picha ya mfupa aliweka kalamu chini. "Siku zako za mwisho ni lini?" akaniuliza. Alikuwa mtu wa kwanza kuuliza. Nikahesabu, nikashindwa. Akasema mifupa yangu ilikuwa ya bibi kizee. Kwamba mwili usiolishwa huanza kufunga vyumba kimoja kimoja, na chumba cha kwanza kufungwa ni kile cha uzazi, kisha unaanza kubomoa kuta ili upate kuni. Nikamweleza kuhusu hatua nilizozisikia. Hakunicheka. Alisema ubongo nao hula, tena hula sana, na ukinyimwa huona na kusikia ya kwake.

Bibi yako alikuwa na maelezo mengine. Kwao Iringa, alisema, mtu akijinyima sana, ile sehemu yake iliyonyimwa hutoka nje ikamfuata ikiomba chakula. Asipoipa, humtangulia ikatafute pengine.

Sijui nani kati yao alisema kweli. Nimeishi na maelezo yote mawili. Ninachojua ni kwamba daktari na bibi yako, ambao wasingekubaliana hata juu ya kikohozi, waliniandikia dawa moja. Kula.

Na nilijifunza kula kama mtoto. Haikuwa tamu. Tumbo lilisahau kazi, nilivimba, nililia juu ya bakuli la uji wa ulezi wenye maziwa. Bibi yako alikaa mbele yangu na mwiko. Maharage, dagaa, mboga, mtindi, ugali usioviringishwa. Baada ya miezi minane, asubuhi moja, niliona damu. Nikamwita bibi yako kwa kelele akaja mbio akidhani nimejikata. Tulikaa sakafuni tukalia wote wawili. Wewe umetoka kwenye damu ile, Sekela. Lakini mbio zilikuwa zimekwisha. Mfupa uliunga, ila haukunisamehe.

Sikukwambia haya ulipoanza kukimbia. Nilijidanganya kwamba wewe ni tofauti, una simu, umesoma, unajua mambo ya protini kuliko mimi. Nikawa nafurahia medali zako. Nikaona mashavu yako yanaingia ndani nikasema ni utu uzima. Nikaona unavaa sweta mbili mchana. Nikaona ile pakiti ya pedi niliyokununulia mwezi wa tatu bado haijafunguliwa, na nikaifuta vumbi, nikairudisha kabatini. Mama mzima.

Kisha Jumatatu ya wiki iliyopita ulirudi kutoka Kawetere. Nilikuwa nachambua mchele kwenye ungo. Ukakaa pale mlangoni ukivua viatu, ukaniuliza bila hata kuinua kichwa:

"Mama, hivi wewe huwa unanifuata kule juu?"

Nikasema, "Nikufuate na nyonga hii?"

Ukasema, "Ah. Basi ni mtu tu." Ukaenda kuoga.

Ungo ulinitoka mikononi. Mchele wote ukamwagika sakafuni, nami nilikaa katikati yake mpaka maji ya bafuni yalipoacha kulia.

Kesho yake nilikwenda Uyole. Mama Tumpe sasa ni mzee, macho hayaoni vizuri, lakini bado anachambua maharage kwa vidole. Miaka yote hii kila tukikutana hunishika mikono na kunishukuru, nami humwachia. Safari hii nikamzuia. Nikamwambia, "Mama, sikumkimbilia. Nilimwona akikata kona, nikapita."

Hakushtuka. Aliendelea kuchambua kidogo.

"Najua," akasema. "Wale waliombeba mwanangu walikuwa na tope mpaka kiunoni. Yule mama wa shamba alikuwa na tope mpaka magotini. Wewe ulisimama pale koridoni na raba zenye vumbi tu."

Nikamuuliza, "Sasa kwa nini umenishukuru miaka yote hii?"

"Kwa sababu yule mama alisema walikuwa wawili. Nilitaka awe ni wewe." Aliinua uso akanitazama kwa macho yale yasiyoona vizuri. "Kama hukuwa wewe, mwanangu, alikuwa nani?"

Nikaanza kuchambua maharage naye. Baadaye akainuka kwa shida, akapakua makande sahani mbili, akaniambia nisiondoke bila kula, kama zamani. Nilipomaliza akanisindikiza mpaka uani, akasema, "Una binti anayekimbia. Usisubiri mtu mwingine amseme."

Kwa hiyo nimekusema, Sekela. Jana nilimweleza baba yako yote. Leo asubuhi, ulipokuwa saluni, nimempigia simu mwalimu wako wa kambi kule Iringa. Nimemwambia kuhusu sweta, kuhusu pakiti ya pedi, kuhusu chakula unachokificha ndani ya tishu, maana nacho nimekiona. Na nimemwambia unachokisikia Kawetere. Akaniuliza kama naweza kurudia hilo la mwisho. Amesema utapimwa damu na mifupa kabla hujakimbia hatua moja, na kwamba mbio za mwezi ujao umeondolewa.

Najua umezisubiri mbio zile mwaka mzima. Najua pia kwamba kuna mambo ya mwili wa mwanamke ambayo mama hapaswi kumtajia mgeni kwenye simu, na mimi nimeyataja yote. Huenda usinipigie mwezi huu. Huenda ukawaambia wenzako kwamba mama yako amechanganyikiwa, na sitakukatalia. Tumpe nilimfichia siri, na siri ndiyo iliyobaki na sisi, yeye hayupo.

Nichukie basi, mwanangu. Una haki. Lakini nichukie ukiwa umeshiba.

Mama yako
Soweto, Mbeya